Kanga na Mbegu za Mlango wa Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Mimi leo sikai kitako, miguu yanicheza. Mawingu yale pale mnayaona wenyewe, na shamba langu sijamaliza kulipanda. Nikisimulia huku mnasinzia, nitachukua jembe langu niondoke. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Tegeni masikio, watoto kwa wakubwa. Na wewe pale nyuma, acha kutafuna, sauti ya muhogo wako inafika huku.

Zamani sana, kabla kuku hajahamia uani kwa watu, palikuwa na bonde. Katikati ya bonde mto. Juu kilima. Chini tambarare yenye udongo mweusi, ukiufinyanga unashikana mkononi kama ugali. Na wanyama wa bonde lile walikuwa wakulima. Msicheke. Walikuwa wakulima. Ngiri alilima kwa pua na meno yake. Nungunungu alilima kwa kucha. Na Kanga, ndege yule wa madoadoa, alilima kwa miguu. Kwaru, kwaru, kwaru, anachimba. Anatia mbegu. Anafukia. Kwaru, kwaru, kwaru, anasogea mbele.

Kanga huyu alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, akamwachia vifaranga na shamba moja pale chini, kando ya mto. Shamba lile ndilo lililowalisha. Jingine hana. Ndugu wa kumkimbilia hana. Lishikeni hilo shamba vichwani mwenu, maana hadithi yote imesimama juu yake.

Bonde lilikuwa na sheria ya ardhi. Shamba likilala mvua mbili mfululizo bila kupandwa, mwenyewe amelipoteza. Linachukuliwa na jirani mwenye eneo kubwa zaidi. Wazee walioitunga walitaka ardhi isikae bure, na labda siku hiyo walikuwa na haraka, hawakuiangalia vizuri. Basi jirani wa Kanga, mwenye ukingo wote wa mto, alikuwa nani? Alikuwa Kiboko. Kiboko tangu azaliwe hajapanda hata punje moja. Kazi yake kulala majini, mfoo, kutoka jioni, kula majani, kurudi majini. Lakini ardhi anayo, tena nyingi, na kwa kuwa hana jirani mwenye eneo kubwa zaidi, sheria haimgusi.

Bonde lilikuwa na ghala pia. Ghala la wote. Wakati wa mavuno kila nyumba ilipeleka kikapu cha mtama. Umevuna sana, unapeleka. Umevuna kidogo, unapeleka. Mvua ikikaribia, mkulima aliyeishiwa na mbegu anakwenda ghalani, anapewa, anapanda. Akivuna, anarudisha fungu lake kama wenzake. Ndivyo bonde lilivyoishi miaka na miaka.

Na kulikuwa na desturi. Anayepewa kikapu alitoka nacho kwa mlango wa mbele. Mbele ya mlango ule palikuwa na mkuyu, na juu ya mkuyu alikaa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa chake. Mtu akitoka tu, Hondohondo anaita. "Hoo! Hondo! Ngiri wa kilimani, kikapu kimoja, aenda kupanda!" Bonde zima linasikia. Aliye kisimani anasikia. Aliye kitandani mgonjwa anasikia.

Lo, desturi ile iliwakera watu. Na aliyekereka kuliko wote ni Kanga. Tangu mumewe afe, kila msimu jina lake linaitwa juu ya mti. Mama Nungunungu, mkewe Nungunungu, alikuwa na ulimi mchungu. Alimkuta Kanga kisimani akamwuliza ghala limeamkaje leo, maana yeye Kanga ndiye mwenyeji wa kule. Wenzake wakacheka. Kanga akateka maji yake, akainamisha kichwa, akaondoka. Iliuma jamani. Mtu anaamka alfajiri, anachimba mpaka kucha zinakatika, halafu anatangazwa kama mwizi aliyeshikwa.

Sasa mtunza ghala wa zamani alizeeka, akapumzishwa. Mkubwa wa bonde, Mzee Mbogo, akamweka Mbega mahali pake. Mbega mnamjua? Kima yule mwenye manyoya meusi na joho jeupe mabegani. Mtanashati. Hajawahi kukanyaga udongo, maisha yake ni juu ya matawi tu. Na maneno yake, asali. Siku ya kwanza kazini akaitisha mkutano, akasimama kwenye tawi, akaweka joho lake sawa.

"Ndugu zangu," alisema Mbega, "kumsaidia mtu ni kumsitiri. Sasa ninyi mnamsaidia mwenzenu, kisha mnamwanika juani? Kuanzia leo mtu apewe kimyakimya, kwa mlango wa nyuma, abaki na heshima yake. Jina lake litakuwa siri yake na ghala."

Nani alikuwa wa kwanza kupiga makofi? Ni Kanga. Pa! Pa! Pa! Mabawa yake mwenyewe. Sitamficha kwa sababu nampenda. Wa kwanza ni Kanga, wa pili Ngiri, kisha bonde zima likafuata. Hata Mama Nungunungu alipiga, maana msimu ule na yeye alikuwa ameishiwa na mbegu. Mzee Mbogo akatikisa pembe, akasema jambo hili ni jema na yeye analiapia.

Hondohondo akaambiwa ashuke mtini. Alishuka. Akauliza swali moja tu. Akauliza, mtu asiyelima akipewa, watu watajuaje? Wakamwambia analilia kazi yake. Wakamcheka mpaka akaenda zake.

Mvua ya kwanza ya siri ikakaribia. Kanga akaenda ghalani kwa mlango wa nyuma, roho yake imetulia, anajua leo hatatajwa. Mbega akampokea vizuri, akamwita dada yangu, akampa maji kwenye kata. Kisha akasikitika. Mbegu, dada yangu, zimekwisha. Wenzako wamewahi. Mwakani uwahi na wewe.

Kanga akauliza ni kina nani hao waliowahi. Mbega akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alipiga makofi. Kanga akanywa maji, akashukuru, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Shamba likalala. Vifaranga wakaishi kwa kumbikumbi na mbegu za magugu. Na kila jioni Kiboko alitoka majini, mfoo, akatembea taratibu kwenye mpaka wa shamba la Kanga. Haongei. Anaangalia tu. Anafika mwisho, anageuka, anarudi akiangalia. Kanga akimwona anawakusanya vifaranga wake chini ya mabawa.

Msimu ule ukapita. Mvua ya pili ikaanza kujikusanya. Gu-gu-gu-gu, kwa mbali, nyuma ya kilima. Kanga hakulala tena. Anainuka, anakaa, anainuka. Akihesabu vifaranga anasahau amefika wapi, anaanza upya. Akaenda ghalani mapema kabla hata majani hayajakauka vizuri. Mbega akasikitika tena. Zimekwisha, dada yangu. Kanga akamwambia mavuno ya juzi yalikuwa mazuri, aliwaona kwa macho yake waliopanda mbegu zao wenyewe wakipeleka vikapu, na mvua yenyewe bado haijanyesha. Zinakwishaje? Mbega akaweka kidole mdomoni.

Kanga hakurudi nyumbani. Akaenda mbele ya ghala akakaa. Kesho yake akaja akakaa tena. Kila anayepita anamwuliza, wewe umepewa? Wewe je? Watu wanapita kando. Nani atajibu? Siri waliipigia makofi wenyewe. Na anayesema sikupewa, ataaminiwa na nani?

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanza, nisikilizeni. Kwa kuwa hakuna aliyejua nani kapewa, kila mtu alijua. Eee. Kila mtu alijua kwamba ni jirani yake. Nungunungu akaamini ni Ngiri. Ngiri akaamini ni Muhanga, mchimbaji yule wa pua ndefu. Muhanga akaamini ni wote isipokuwa yeye. Watu wakaanza kuchunguliana majumbani. Mtu akipepeta vumbi kwenye ungo, jirani anahesabu mipigo. Salamu zikapungua. Kisimani kukawa kimya, na kisima kilichonyamaza mimi kinanitia hofu kuliko simba.

Ngiri na mume wa Kanga walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ndiyo maana Kanga alimwita shemeji, naye Ngiri akamwita shemeji. Shamba la Ngiri nalo lilikuwa limelala mvua moja. Siku hiyo wakakutana njiani, njia nyembamba, hakuna pa kupishana.

"Shemeji," alisema Ngiri, haangalii usoni, "mnaoletewa majumbani mnyamaze hivyo hivyo. Sisi tutakula vumbi."

Kanga damu ikamchemka. Akamwambia amemwona mkewe akipeta mtama. Ngiri akasema yale yalikuwa makapi ya mwaka juzi. Kanga akasema makapi gani yanayomnenepesha mtu shingo namna ile. Ngiri akamwambia marehemu angeyasikia maneno haya angefurahi sana. Basi. Ngiri akapita kwa nguvu, akamsukuma hadi majanini. Kanga akakaa pale pale majanini akalia. Siyo kwa kusukumwa. Alilia kwa sababu alikuwa na rafiki mmoja tu bondeni, na sasa hana.

Gu-gu-gu-gu. Mawingu yakavuka kilima.

Ikafika siku moja, adhuhuri, jua la utosini. Wanyama wote wamejitupa kivulini. Kanga peke yake yuko shambani, anachimba mashimo ya mbegu wakati mbegu hana. Kwaru, kwaru, kwaru. Mkono usipofanya kazi, roho itampasuka. Mara akasikia matawi yanacheza. Akainua kichwa. Ni Mbega. Na ajabu, Mbega akashuka chini kabisa, akakanyaga udongo, akiinua mguu mmoja mmoja kama anayekanyaga makaa. Kwapani ana kikapu kimefunikwa majani.

Mbega alikuwa amechoshwa na maswali ya Kanga. Mjane anayekaa mbele ya ghala kila siku si picha nzuri. Akaweka kikapu chini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Dada yangu, nimekuhurumia," alisema kwa sauti ndogo. "Panda leo, shamba lako lipone. Ila usimwambie mtu yeyote. Hata kivuli chako usikiambie."

Akapanda mtini, akapotea.

Kanga akafunua majani. Mtama. Mwekundu, mzima, umejaa mpaka juu. Jamani, furaha iliyompata! Akakumbatia kikapu kwa mabawa mawili. Kwa macho ya moyo akawaona vifaranga wake wameshiba. Akamwona Kiboko anageuka na kurudi zake majini. Akachota punje, akainama kwenye shimo la kwanza.

Akasikia sauti kutoka kilimani. Pu. Pu. Pu. Akasikiliza. Alikuwa ni Ngiri. Naye hakulala kivulini. Naye anachimba mashimo matupu juani.

Kanga akasimama na punje zake mkononi. Akafikiri, mbegu zilikwisha, niliambiwa zilikwisha. Sasa hizi zimetoka wapi? Akafikiri tena. Nikizipanda, baada ya siku chache zitaota. Ngiri atapita, ataona. Atasema, nilijua. Na atakuwa amesema kweli. Na shamba lake litakwenda, na mimi nitakuwa nimenyamaza.

Akasema moyoni, lakini vifaranga wangu? Akainama tena shimoni. Akasimama tena. Akainama. Akasimama. Ninyi mngefanyaje? Usinijibu haraka wewe, una shibe. Mwenye njaa ndiye anijibu.

Mwishowe Kanga akarudisha punje kikapuni, zote, hata iliyodondoka. Akajitwika. Akaenda mbio mpaka mkuyu wa mbele ya ghala. Kanga ni mzito, kuruka kwake mnakujua. Akaruka na kikapu, puu, chini. Akaruka tena, puu. Mara ya tatu ukucha ukashika tawi. Akajivuta, akakaa pale alipokuwa akikaa Hondohondo. Akajaza kifua.

"Kekekeke! Mimi Kanga wa mtoni, mjane! Nimepokea kikapu kimoja cha ghala! Kimeletwa na Mbega, mchana huu, shambani kwangu, nikaambiwa ninyamaze!"

Bonde likaamka. Vivulini watu wakaruka. Kila mtu akakimbilia mkuyuni, vumbi hadi juu. Mbega akaja akirukaruka matawini, joho limemkaa upande. Akasema Kanga amevunja siri ya ghala, kikapu kirudi, tena Kanga afukuzwe. Kanga alikuwa anamwangalia mtu mmoja tu kule chini. Ngiri amefika, anahema, pua imejaa udongo.

Ngiri akamwangalia Kanga, akaangalia kikapu, akamwangalia tena Kanga. Kisha akainua kichwa naye akaita.

"Mimi Ngiri wa kilimani. Mwaka jana sikupokea. Mwaka huu sikupokea."

Muhanga akasema yeye pia hakupokea. Digidigi akasema hakupokea. Panya wa mpakani akasema, sungura akasema. Mama Nungunungu, yule mwenye ulimi, akasema alirudishwa mlangoni misimu yote miwili na akaona aibu kumwambia mtu. Kila anayechimba udongo bondeni alisema, na jibu likawa hilo hilo. Wakaanza kuangaliana. Walikuwa wamechukiana mwaka mzima kwa sababu ya mbegu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo.

Gu, gu, gu, Mzee Mbogo huyo anakuja, mkewe nyuma yake. Akauliza ni nani aliyemkatiza usingizi. Kanga, pale pale juu ya mti, akampa heshima yake kwanza. Shikamoo Mzee. Mbogo akaitikia marahaba bila kupenda.

"Mzee," alisema Kanga, "sisi wote tunaolima hatukupewa. Ghala tunaambiwa limekwisha. Basi amepewa nani?"

Mbega akadakia. Akasema siri ni siri, hata Mzee mwenyewe aliiapia mbele ya watu. Mzee Mbogo akakohoa, akaangalia kando. Akasema, ni kweli, kiapo ni kiapo, watu warudi majumbani. Hakuna aliyerudi.

Kutoka mtoni, mfoo! Kiboko akatoa kichwa majini. Amekasirika kwa kelele, masikio yanapiga maji.

"Mimi nilipewa," alisema Kiboko. "Kila msimu napewa. Mbega aliniambia mbegu zinagawiwa kwa ukubwa wa shamba, na langu ndilo kubwa. Kosa langu liko wapi?"

Wakamwuliza amezipanda wapi. Akawashangaa. Kupanda? Amezila, na zilikuwa tamu.

Hapo minong'ono ikawa kelele. Macho yote kwa Mbega. Mbega akaanza kueleza kwamba mti nao ni shamba ukiutazama vizuri, na kila tawi ni kama tuta, na ndugu zake wana matawi mengi. Jamani! Watu wakaanza kuokota mawe. Mzee Mbogo akaona nafasi yake, akaruka mbele, akainamisha pembe, akamtukana Mbega kwa sauti kubwa. Mwizi! Mla jasho la watu! Nitakuchana!

Alipiga kelele nyingi mno. Mkewe akamsogelea, akamwekea kwato begani. Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache, bonde zima lilimheshimu.

"Baba Ndama, usimpige," alisema. "Na sisi tujitaje. Vikapu vya ghala viko nyuma ya zizi letu, vimefunikwa majani. Uliniambia ni zawadi."

Lo! Mzee Mbogo, dume zima, shingo kama gogo, alisimama pale akitafuta pa kuangalia. Akiangalia kushoto, watu. Kulia, watu. Juu, Kanga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, labda, kidogo. Watu wa nyuma wakasema hawasikii. Akasema tena. Hawasikii. Mwishowe akainua kichwa.

"Mimi Mbogo, mkubwa wa bonde hili," aliita, "nimepokea vikapu vya ghala. Na mimi silimi."

Akaenda mwenyewe, akavibeba kwa pembe zake, akavileta mkuyuni. Mbega alifukuzwa kazi siku ile ile, na mlango wa nyuma wa ghala ukazibwa kwa mawe. Hondohondo akaitwa, akaja, na kila aliyepewa alitajwa, yeye na alichopewa, mbele ya watu wote. Havikutosha. Vya Kiboko na vya ndugu zake Mbega vilikuwa vimekwisha liwa, havirudi. Kila mmoja alipata nusu, na Kanga akamimina kikapu chake kwenye fungu la wote, akapokea nusu kama wenzake. Lakini kila mtu aliona nusu yake imetoka wapi, na nusu nyingine imekwenda kwa nani. Hakuna aliyenuna.

Ndo. Ndo. Ndo-ndo-ndo. Mvua ikaanza.

Wakakimbia mashambani. Kwaru, kwaru, kwaru, Kanga anachimba, maji yanamtiririka mgongoni, vifaranga wanafukia nyuma yake. Mara akaona tuta jipya linafunguka pembeni, refu, limenyooka. Ni Ngiri. Amekwisha panda kwake, ameshuka. Kanga akamwambia, shemeji, nilikosa, maneno yale ya shingo nilikosa. Ngiri akasema na yeye alikosa, tena alimsukuma mwanamke njiani, na hilo halijamtoka. Kisha akasema mvua haisubiri, wakaendelea kulima.

Siku ya tatu ya mvua Kiboko akatoka majini. Mfoo! Safari hii hakutembea mpakani. Alikuja moja kwa moja, akainua mguu, mguu ule mzito, auweke ndani ya shamba la Kanga.

Akasema mvua ya pili imefika na yeye amekuja kuchukua haki yake. Kanga alikuwa amesimama katikati ya shamba, mdogo, ameloa mpaka kwenye ngozi. Akamwambia arudishe mguu wake, hapa pamepandwa. Kiboko akacheka.

"Umepanda nini wewe? Mbegu umeipata wapi?"

Kanga hakumjibu kwa sauti ndogo. Alijaza kifua, akaita mpaka kilimani wakasikia.

"Ghalani! Nimepewa nusu kikapu, mimi Kanga wa mtoni, na hakuna mtu bonde hili asiyejua!"

Kilimani Ngiri akasimama. Mama Nungunungu akatoka shimoni mwake, akasimama. Muhanga, Digidigi, wote wakasimama kwenye mvua, wanamtazama Kiboko. Kiboko akawatazama. Akautazama mguu wake ulioning'inia hewani. Akaurudisha nyuma, taratibu, akageuka. Chubwi! Majini.

Basi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuwaleta watoto. Ngano hii inasema hivi. Kilicho cha wote, kikigawiwa kitajwe mbele ya wote, nani kapewa na kiasi gani. Mkificha majina kwa kuogopa aibu ya masikini, anayefichika ni tajiri, na masikini anabaki kumshuku jirani yake. Na katika kutaja, mkubwa atajwe kwanza.

Hadithi yangu naitua hapo, kichwa changu chepesi, mzigo uko kwenu. Haya, inukeni. Mvua hiyo.